Barafu ya maji ya kisima nje haina chumvi, kati ina chumvi ya kutosha kuanika samaki. Nani anaweza kuelezea hili?

#1 Kisima_Kirefu
Wakuu, habari za jioni.

Niko Mbagala, kisima chetu kina maji ya chumvi. Kipimo cha TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka kwenye maji, miligramu kwa lita) kinasoma kama 3,000. Nikajaza kidumu cha lita 5 nilichokata juu, nikakitupia kwenye friza. Asubuhi kuta zimeganda, katikati kuna tundu la maji ambalo halijaganda. Nikavunja. Ganda la nje nikalisuuza, nikaliyeyusha, nikapima: 700 na kitu. Maji ya lile tundu kipimo kikagoma kabisa kusoma, na ukiyaonja unatema.

Madai yangu: friza ni mtambo wa kutoa chumvi, tunauziwa mafilta ya mamilioni bure.

Maswali mawili. Chumvi inajuaje kwamba inatakiwa iende katikati? Na kwa nini nikizungusha kitufe cha friza hadi mwisho igande haraka, lile ganda la nje linakuwa na chumvi zaidi?

#2 Mla_Mhogo
Nimeweka mkeka. Ngoja waje wenye sayansi yao.

#3 Tozo
Bila picha ya kipimo hii ni chai.

#4 Babu_wa_Feri
Sio chai. Mimi nimekula mshahara wa kiwanda cha barafu za mabonge muda mrefu. Makopo ya bati yanazamishwa kwenye bwawa la maji ya chumvi yaliyopozwa chini ya sifuri, ndani ya kopo ni maji ya bomba. Baridi inaingia kutoka kuta zote, barafu inakua kuelekea katikati. Kila kopo lina kibomba chembamba kinachopuliza hewa pale kati. Bonge likikaribia kumaliza, unaingiza mpira unanyonya yale maji ya moyoni, unayamwaga, unajaza maji masafi. Usipofanya hivyo unatoa bonge lenye moyo mweupe, mchungu, na linapasuka ovyo ukiligonga. Wateja wa samaki hawajali. Wateja wa mahoteli wanakurudishia.

Kwa hiyo hayo ya katikati yanajulikana zamani sana, bwana Kisima. Hujagundua kitu.

#5 Mwalimu_wa_Zamu
Babu amesema kwa vitendo, niongeze sababu.

Fuwele ya barafu ni molekuli za maji zilizojipanga kwa mpangilio wa pembesita unaorudiarudia. Sodiamu na kloridi hazina nafasi kwenye mpangilio huo. Kila molekuli ya maji inayojishikiza kwenye barafu inaacha chumvi upande wa majimaji. Chumvi haijui pa kwenda. Inabanwa tu na uso wa barafu unaosogea, na kwa kuwa baridi ya kidumu chako inatoka nje, mwisho wa safari ni katikati.

Wataalamu wana namba ya kupima hili: kiasi cha uchafu ndani ya kigumu ukigawa kwa kiasi kilichopo kwenye kimiminika kinachogusana nacho. Ikiwa 1, uchafu unagawanyika sawasawa. Kwa chumvi na barafu namba hiyo iko karibu sana na sifuri.

Na usisubiri tundu ligande. Mchanganyiko wa chumvi ya mezani na maji hauishi kuganda mpaka nyuzi -21, na friza ya nyumbani inafika -18.

#6 Kisima_Kirefu
Asante mwalimu. Ila kama ni karibu na sifuri, mbona mimi nimepata 700 badala ya 0? Hapo ndipo maelezo yenu yanapochechemea.

#7 Jini_la_Bahari
Jibu ni jepesi. Chumvi inakimbia baridi na kufuata joto. Katikati ndiko kulikobaki na joto. Hata jasho ni chumvi inayofuata joto la mwili.

#8 Mla_Mhogo
Jasho tena 😂

#9 Mwalimu_wa_Zamu
#7, huwa kweli kuna chembe zinazohama kwa sababu ya tofauti ya joto, lakini kwa nyuzi chache za kidumu athari yake ni ndogo mno kueleza maji yasiyonyweka. Jasho tuliache.

#6, swali lako ndilo swali lenyewe. Namba ile ya karibu na sifuri ni ya fuwele moja safi yenye uso laini. Barafu yako haikukua hivyo.

#10 Mbongo_Freiberg
Wakuu salaam. Nimesoma mambo ya fuwele huku Freiberg, Ujerumani, mji wa migodi ambao sasa ni mji wa silikoni. Nijaribu kujibu #6.

Fikirieni kituo cha mwendokasi saa kumi na mbili jioni. Lango linasogezwa mbele polepole na askari, abiria wanarudi nyuma. Wakiwa na muda wa kutawanyika, hakuna shida. Lango likienda kasi kuliko wanavyotawanyika, wanarundikana pale pale langoni.

Chumvi kwenye maji hutawanyika polepole mno, joto husambaa zaidi ya mara mia kuliko chumvi. Barafu ikikua milimita 4 kwa saa, chumvi inarundikana kwenye tabaka lisilofika hata milimita moja mbele ya barafu. Ndani ya tabaka hilo chumvi ni nyingi, kwa hiyo kiwango cha kuganda kimeshuka. Nje yake kidogo chumvi ni kidogo, maji yangeweza kuganda mapema zaidi. Sasa kama maji yale ya nje kidogo nayo yameshapoa, unapata kitu cha ajabu: maji yaliyo chini ya kiwango chao cha kuganda, bado majimaji, yamekaa mbele ya uso wa barafu yakisubiri.

Kinundu chochote kikichomoza kwenye uso wa barafu kinaingia kwenye maji hayo na kinakua haraka kuliko wenzake. Uso bapa unavunjika, unakuwa vidole vidole. Katikati ya vidole maji ya chumvi yananaswa. 700 yako ni hayo, chumvi iliyofungiwa kwenye mianya. Fuwele yenyewe haijaila.

Ndiyo maana ukigandisha kwa pupa inakuwa mbaya zaidi. Kasi ikipanda, tabaka linakuwa jembamba na kali, vidole vinakuwa vingi na vyembamba, na kila mwanya unanasa chake.

#11 Tozo
Huyu katuletea karatasi ya mtihani wa taifa. Ila nimeelewa, nashangaa.

#12 Mama_Barafu
Jamani mbona hii tunaijua tangu watoto. Mimi nauza barafu za ukwaju za mifuko. Mtoto akinyonya, rangi na utamu vinatoka vyote mwanzo, anabaki ameshika kipande cheupe hakina ladha. Sukari imekaa kwenye hiyo mianya anayoisema Mbongo, unainyonya inatoka.

Dawa ya wateja kulalamika: usigandishe mpaka iwe jiwe, na weka ubuyu wenye unga mzito.

#13 Mbongo_Freiberg
Mama Barafu umemaliza. Na hapo hapo kuna mbinu kwa Kisima: barafu yako usiiyeyushe yote. Iache ianze kuyeyuka kidogo, maji ya kwanza yanayotoka mwaga, ndiyo yamebeba chumvi ya kwenye mianya. Barafu ya bahari ya kaskazini nayo ndivyo. Maji ya bahari yana gramu 35 kwa lita, barafu changa inabaki na chumvi kiasi, lakini iliyokaa miaka kadhaa chumvi imechuruzika mpaka watu wa huko huiyeyusha wakanywa.

#14 Pwani_si_Kenya_Tu
Sasa nyinyi wote mnasahau hewa. Niko Mombasa, nafanya kazi baa ya hoteli. Ule weupe wa katikati ya barafu ni hewa iliyoyeyuka ndani ya maji, haina uhusiano na chumvi. Tukitaka barafu ya kioo tunachemsha maji kwanza hewa itoke. Halafu tunaweka kwenye hotipoti bila kifuniko ndani ya friza, baridi iingie kutoka juu peke yake. Inaganda kuelekea chini, unaitoa kabla haijafika mwisho, chini unakata.

#15 Babu_wa_Feri
Kijana wa Mombasa, kuchemsha kunapunguza kidogo tu. Hiyo hotipoti ndiyo inayokufanyia kazi. Jaribu kuchemsha kisha ugandishe kwenye kopo la kawaida uone kama hupati moyo mweupe.

#16 Mwalimu_wa_Zamu
#14, hewa nayo ni uchafu kama uchafu mwingine. Barafu inaikataa vilevile, inarundikana mbele ya uso, ikizidi kiwango inatoka kama viputo, viputo vinanaswa. Tofauti yake na chumvi ni kwamba hewa ina njia ya kutoka ikiwa povu, chumvi haina.

#17 Pwani_si_Kenya_Tu
Basi tumekubaliana ni hewa 😁

#18 Chalii_wa_Mawe
Arusha hapa. Mbongo, hiyo habari ya uso wa fuwele inatulisha sisi madalali.

Rubi ya kiwandani inatengenezwa kwa njia ya Mfaransa Auguste Verneuil, aliyoitangaza 1902. Unga wa alumina wenye kromiamu kidogo unapita kwenye moto mkali, unadondoka ukiwa umeyeyuka juu ya kijiti, unaganda tone kwa tone. Kichwa cha kile kijiti kina mviringo. Kila kromiamu ikibadilika kidogo, inaacha mstari wenye umbo la kichwa hicho. Ukiweka jiwe kwenye kioo cha kukuza ukaona mistari iliyopinda kama kucha na viputo vya hewa, hilo halijatoka Longido wala Winza, limetoka kiwandani. La asili mistari yake imenyooka na ina kona, kwa sababu nyuso za fuwele asili zimenyooka.

Watu wameuziwa vya Verneuil kwa bei ya shamba la ng'ombe. Mimi simo.

#19 Tozo
"Mimi simo" ndiyo kauli ya dalali wa kwanza kuwemo.

#20 Mbongo_Freiberg
Safi sana Chalii. Mistari hiyo ni kumbukumbu ya uso ulivyokuwa kila saa ya kukua kwake.

Kwenye silikoni ni mchezo huo huo. Njia tunayotumia ni ya Jan Czochralski, Mpolandi aliyekuwa akifanya kazi Berlin, 1916. Inasimuliwa alichovya kalamu kwenye bati lililoyeyuka akidhani ni wino, akavuta uzi wa fuwele. Leo unachovya mbegu, yaani kipande kidogo cha fuwele, kwenye silikoni ya nyuzi 1,414, unavuta taratibu huku unazungusha. Ile namba ya Mwalimu (#5), kwa chuma kwenye silikoni iko chini ya 1 kwa laki moja, kwa hiyo karibu chote kinabaki kwenye sufuria. Fosforasi 0.35. Boroni 0.8, yaani hii ni king'ang'anizi, unaweza kugandisha na kuyeyusha mara nyingi bado ipo.

Na William Pfann wa maabara za Bell, Marekani, alichapisha 1952 njia ya kupitisha ukanda mwembamba ulioyeyuka kutoka mwanzo hadi mwisho wa mche, tena na tena, uchafu unakusanyika mkiani, unakata mkia. Germaniamu ya transista za mwanzo ilisafishwa hivyo. Kisima ukitaka maji ya kweli, hiyo ndiyo njia.

#21 Bi_Takwimu
Mmeacha jambo kubwa. Hii ya #10 ni hesabu ya Tiller, Jackson, Rutter na Chalmers wa Toronto, 1953. Ilikuja kupingwa na Mullins na Sekerka 1964. Wao walisema kuangalia maji yaliyopoa kupita kiwango hakutoshi, lazima uangalie kinundu chenyewe: mvutano wa uso na joto linalopanda mbele yake vinakirudisha chini, uchafu uliorundikana unakisukuma mbele. Kinachoshinda ndicho kinaamua uso uwe bapa au uvunjike, na pia vidole vitapishana umbali gani.

#22 Mbongo_Freiberg
Kupingwa ni neno kubwa dada. Kwa kasi ndogo majibu ya 1953 na ya 1964 yanakaribiana. Na kina Rutter na Chalmers hawakukisia, walimwaga ghafla bati lililokuwa bado majimaji wakakuta uso wa kigumu umejaa vyumba vya pembesita kama sega.

#23 Bi_Takwimu
Kwa kasi ndogo, ndiyo. Kwenye kasi kubwa sana mvutano wa uso unarudisha uso bapa, na hesabu ya 1953 hailioni hilo kabisa. Na umbali kati ya vidole hesabu ya 1953 haikupi.

#24 Mbongo_Freiberg
Kisima hana kasi kubwa sana, ana friza. Nimempigia hesabu. Gramu 3 kwa lita, milimita 4 kwa saa: kiwango cha kuganda mbele ya uso kinapanda karibu nyuzi 2.5 kwa kila sentimita. Ili uso ubaki bapa, joto la maji nalo lipande angalau hivyo. Maji ya ndani ya kidumu yote yameshakaribia sifuri. Uso unavunjika tangu mwanzo, iwe 1953 au 1964. Dawa ni kukoroga tu, ili tabaka la chumvi lisafishwe.

#25 Babu_wa_Feri
Ndiyo kazi ya kibomba cha hewa. Kinakoroga. Sikuhitaji Mpolandi.

#26 Bi_Takwimu
Babu, wakubwa wako kiwandani waliweka kibomba kwa ajili ya kupangusa viputo visishike kwenye barafu. Kukoroga chumvi ni faida ya ziada tu.

#27 Babu_wa_Feri
Ulikuwepo?

#28 Vipapa_Tanga
Nani anakumbuka Erasto Mpemba? Yule wa Mkwawa aliyegundua 1969 kwamba maji moto yanaganda haraka kuliko baridi. Inahusiana na hapa?

#29 Mwalimu_wa_Zamu
Tuweke sawa. Aliona 1963 akiwa kidato cha tatu Magamba, kwenu huko Tanga, wakitengeneza aiskrimu. Aliweka maziwa yenye sukari bado ya moto kwenye friza kwa kuwahi nafasi. Mkwawa alikwenda baadaye kwa masomo ya juu, na huko ndiko alikomuuliza Dkt. Denis Osborne wa chuo kikuu Dar es Salaam aliyekuja kuhutubia. 1969 ni mwaka makala yao ilipochapishwa.

#30 Bi_Takwimu
Na inahusiana. 2009 Katz alitoa maelezo ya namna hii hii: maji ya baridi yana vitu vilivyoyeyuka ambavyo ukichemsha vinatoka, gesi pamoja na chokaa ya maji magumu. Yasipochemshwa, vitu hivyo vinarundikana mbele ya barafu, vinashusha kiwango cha kuganda, vinapunguza kasi ya joto kutoka. Yaliyochemshwa hayana mzigo huo.

#31 Pwani_si_Kenya_Tu
Kumbe kuchemsha kunasaidia! Babu uko wapi?

#32 Mwalimu_wa_Zamu
Pole pole. Wengine wanataja uvukizi, wengine mzunguko wa maji, wengine kupoa kupita kiasi. Na Burridge na Linden 2016 walipima upya wakasema hawaoni athari yenyewe, kwamba hata mahali unapoweka kipimajoto panatosha kubadilisha jibu.

#33 Vipapa_Tanga
Hao waje Magamba na maziwa yao.

#34 Mzee_wa_Muscat
Assalaam alaykum wanajamvi. Mie mzaliwa wa Unguja, nipo Oman miaka na miaka, maji tunayokunywa huku ni ya bahari. Ghubrah, Barka, mitambo tele. Kisima, hesabu yako ya friza haikai, sheikh. Kugandisha lita elfu moja lazima utoe joto la uniti 93 hivi. Friza ya nyumbani ikihamisha joto mara moja na nusu ya umeme inaokula, hapo umeshachoma uniti 60. Mitambo ya kusukuma maji kwenye utando hula uniti 3 mpaka 4 kwa maji ya bahari yenyewe. Ya kisima chako pungufu kuliko hapo.

#35 Kisima_Kirefu
Mzee, kuchemsha na kuvukiza kunataka joto karibu mara saba ya kugandisha, na nchi za Ghuba zilivukiza miaka mingi. Mbona hamkuwacheka hao?

#36 Mzee_wa_Muscat
Walikuwa na gesi ya bure na mvuke uliobaki kwenye kuzalisha umeme, na joto lile lile walilitumia mara nyingi hatua kwa hatua. Wewe una luku.

#37 Mla_Mhogo
Hapo mzee kaua.

#38 Kisima_Kirefu
Sijafa. Baridi yangu naweza kuitumia tena: barafu iliyotengenezwa inapoze maji yanayoingia.

#39 Nesi_Meru
Samahani nitoe nje kidogo. Sisi huku chini ya Mlima Meru shida yetu ni floridi, meno ya watoto yanakuwa ya kahawia. WHO wanasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, visima vingi huku viko juu ya hapo. Je, kugandisha kunaitoa kama chumvi?

#40 Mwalimu_wa_Zamu
Inasukumwa kwa kanuni hiyo hiyo. Itatoka.

#41 Mbongo_Freiberg
Hapa nakataa jibu la mkato. Floridi ni mojawapo ya chembe chache ambazo fuwele ya barafu inazikubali kwa kiasi, kwa sababu ukubwa wake unakaribia kuchukua nafasi ya molekuli ya maji. Kloridi ni ngumu zaidi kuingia. Sehemu kubwa itasukumwa, lakini haitakuwa safi kama kwa chumvi ya Kisima. Ndiyo boroni ya kwenye maji. Nesi usimpe mtoto kabla ya kupima.

#42 Mwalimu_wa_Zamu
Kwa maji ya friza, kinachobaki kwenye mianya ya vidole ni kingi kuliko kinachoingia kwenye fuwele. Kwa hiyo kwa vitendo floridi na kloridi zitatoka karibu sawa. Tofauti yako ya fuwele haitaonekana.

#43 Mbongo_Freiberg
Kama uso umevunjika, ndiyo. Kama amekoroga vizuri au ametumia hotipoti, tofauti itaonekana.

#44 Bi_Takwimu
Hotipoti haikorogi. Maji ya nyuzi 0 ni mepesi kuliko ya nyuzi 4, yatakaa juu yametulia chini ya barafu, na chumvi yao hapo hapo.

#45 Mbongo_Freiberg
Tofauti ya uzito kati ya nyuzi 0 na 4 ni kilo 0.13 kwa mita ya ujazo. Gramu moja ya chumvi kwa lita inaongeza karibu 0.8. Chumvi inashinda, maji mazito yanazama, yanajikoroga yenyewe. Ukigandisha kutoka chini kwenda juu ndiyo hayakorogeki.

#46 Bi_Takwimu
Kwa gramu 3 za Kisima sawa. Kwa miligramu chache za floridi ya Nesi, haishindi kitu.

#47 Babu_wa_Feri
Tia kibomba cha hewa mama. Pampu ya tangi la samaki wa mapambo inatosha.

#48 Nesi_Meru
Asanteni. Nitajaribu yote mawili, hotipoti tupu na hotipoti yenye pampu. Kuna mtu Arusha mjini ana kipimo cha floridi? Cha TDS nilicho nacho kinajumlisha kila kitu, hakiwezi kuniambia floridi ni ngapi.

#49 Chalii_wa_Mawe
Nakutafutia, arifu mmoja wa maabara ya maji tunafahamiana. Yeye si dalali.